Chipukizi Juu ya Kaburi la Asukile

Kila masika, juu ya kaburi la Asukile Mwankenja pale Kiwira, huota mgomba. Na kila masika dada yake Tumpe hupanda gari kutoka Mbeya mjini akiwa na panga alilolifunga kwenye gunia, huukata, halafu hurudi kazini bila kula kwa mtu. Miaka minane sasa. Majirani waliacha kusema mbele yake. Nyuma yake wanasema, na siwalaumu, maana hata wewe ungesema.

Kaburi lenyewe halina mtu. Asukile aliondoka nyumbani akiwa na miaka ishirini na minne. Alianzia kwenye dhahabu ya Chunya, vumbi likamshinda, akashuka pwani kutafuta kazi kwenye meli za uvuvi. Akapiga simu mara tatu. Mara ya tatu alimwambia mama yake, Sekela, kwamba wanaingia baharini kwa siku kumi na tano, na akirudi atanunua bati za nyumba. Siku kumi na tano zikawa miaka miwili. Meli haikuonekana, simu haikuita, na mama Sekela akapata ugonjwa ambao daktari hakuuona kwenye kipimo chochote: hakuweza kulala, kwa sababu alikuwa anasikiliza mlango.

Ndipo ukoo ukakaa. Kwao, mtu akipotea na asipatikane, hukatwa mgomba badala yake. Unavishwa nguo zake, unaliliwa, unazikwa, ili waliobaki wapumzike. Aliyelisukuma jambo hilo ni Tumpe. Yeye ndiye msomi wa familia, katibu muhtasi kwenye ofisi ya serikali mjini, na alikuwa amechoka kumwona mama yake akigeuka kila upepo ukigusa kitasa. Aliyeongoza mazishi ni baba yao mdogo, Anania, mzee wa kanisa kwa siku zote na mtu wa mila kwa siku moja hiyo. Wakachagua mgomba wa nyuma ya jiko. Watu wakataka ukatwe juu ya ardhi, kama inavyofanyika siku zote. Anania akakataa.

"Mtu hazikwi bila miguu," akasema.

Wakaung'oa mzima, na shina lake na mizizi yake, wakauvisha shati jeupe la Asukile na suruali yake ya kanisani. Mama Sekela alilia mpaka sauti ikakauka. Siku hiyo akalala, mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na siku ya arobaini akafa akiwa ametulia. Akazikwa pembeni ya mgomba. Mwaka uliofuata Lea, mke wa Asukile, akavua nguo nyeusi akaolewa na Obeid, fundi cherehani wa pale sokoni. Mambo yangeishia hapo. Ila mgomba uliozikwa na miguu yake ulifanya kile ambacho mgomba hufanya.

Na Tumpe naye hakubaki salama. Siku ya mazishi gauni lake lilidondokewa na utomvu, na utomvu wa mgomba hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Gauni alilitupa, harufu ikabaki. Anaweza kuwa ofisini anachapa barua ya kawaida kabisa, mara puani inaingia harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi, na nyuma ya bega lake la kushoto anahisi mtu amesimama anasoma. Asukile alikuwa na tabia hiyo alipokuwa mdogo. Tumpe akifanya kazi za shule, yeye anakuja nyuma yake anasoma kwa kunong'ona, neno moja moja. Tumpe alihamisha meza, akaweka kiti mgongo ukutani. Haikusaidia kitu. Ukuta nao ulianza kunong'ona.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, ukaja mkutano wa usalama wa bahari. Ndiyo, bahari, na ndiyo, Mbeya, mji ambao maji mengi kuliko yote yaliyopo ni ya mvua. Nchi nne jirani za pwani zilikuwa zimevutana nusu mwaka nani awe mwenyeji, kila moja na bandari yake na kiburi chake, mpaka mtu mmoja mwenye akili akasema basi twendeni mahali pasipo bandari. Wakapandishwa mlimani na makoti yao mepesi. Walikuja kuzungumza juu ya doria za pamoja, magendo, maharamia, na watu wanaokamatwa kwenye maji ya jirani. Tumpe akapewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao, maana pale mkoani hakuna anayemfikia kwa kasi ya vidole.

Mwenyekiti alikuwa mzee Sifaeli, kamishna mstaafu wa polisi, Mhehe wa Kilolo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini anayewasikiliza watu mpaka wanajutia walichosema. Siku ya kwanza ilikwenda kwa hotuba. Siku ya pili, saa nane mchana, wakafika ajenda ya saba: watu waliozuiliwa ambao uraia wao haujathibitika. Aliyesimama kuisoma ni kapteni mmoja mwanamke kutoka nchi jirani. Nchi yake siitaji. Kosa halikuwa lao, na watu wakisikia jina la nchi huwa hawasikilizi tena kinachofuata.

"Tunao kumi na mmoja," kapteni alisema. "Walikamatwa kwenye vyombo vyenye magendo. Vifungo vyao walishamaliza zamani. Shida ni kwamba hakuna nchi inayokubali kuwa ni watu wake. Tuliandika, tukajibiwa. Tunaomba kikao kiridhie majalada yafungwe."

"Jalada likifungwa, huyo mtu anakuwaje?" mwenyekiti akauliza.

"Anabaki kambini, mheshimiwa. Hakuna atakayeandika barua nyingine."

Akaanza kuyapitia, moja moja, akionyesha karatasi ukutani kwa projekta. Tumpe alikuwa anachapa bila kuinua kichwa. Namba saba. Namba nane. Halafu ile harufu ikaja, kali, hata akadhani wahudumu wamepitisha kitu. Nyuma ya bega la kushoto mtu alikuwa ameinama.

"Namba tisa," kapteni alisema. "Anajiita Asukile Mwankenja. Nchi ya asili ilijibu kwamba mtu mwenye jina hilo ni marehemu, ana kaburi, na familia imethibitisha. Barua yenyewe ndiyo hii."

Tumpe akainua kichwa. Barua ilikuwa imejaa ukuta mzima, na chini yake, kubwa kama mlango, ilikuwa saini yake mwenyewe.

Hebu nieleze barua ile ilivyoandikwa, maana hapa ndipo jambo zima lilipolala. Miezi minane baada ya mazishi, mtendaji wa kijiji, Rabson, aliita familia. Alikuwa na barua iliyoshuka ngazi kwa ngazi kutoka juu mpaka kwake: kuna mtu amezuiliwa nchi jirani, anajiita Asukile, anasema kwao ni Kiwira, tafadhali thibitisheni. Siku zile kila mwenye simu alikuwa anapokea ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii. Anania akapandisha hasira. Akasema hao ni wezi wa majina, wameokota kitambulisho cha marehemu, kesho wataomba nauli. Watu wote wakaona kweli. Nani angeona vingine? Walikuwa wamelia, wamekula, wamepiga ngoma, na msalaba ulikuwa pale nje wenye jina na tarehe. Tumpe akakaa akaandika jibu kwa Kiswahili safi cha ofisi: mtajwa hapo juu alifariki dunia na kuzikwa kijijini hapa mbele ya ndugu na majirani. Akasaini kwa niaba ya familia.

Lakini kwenye barua ya kuuliza kulikuwa na mstari mmoja zaidi, chini kabisa. Alama: kovu la moto, kiwiko cha kulia. Asukile alikuwa na miaka sita alipoangukia sufuria ya mbalaga, ndizi za kupika, na aliyekuwa ameachiwa kumwangalia ni Tumpe. Aliuona mstari ule. Aliusoma mara mbili. Akamfikiria mama yake aliyekwisha kulala, akamfikiria Lea, akafikiria aibu ya kuwarudia watu waliokula msiba. Akajiambia makovu yako mengi duniani. Alijua, jamani. Alijua kama unavyojua kwamba mlango hujaufunga, na gari limeshaondoka, na unajiambia umeufunga. Hakumwambia mtu yeyote, hata mchungaji wake.

Kapteni aliendelea na namba kumi, na kumi na moja. Mwenyekiti akasema maazimio yatapitishwa kesho saa nne asubuhi, kikao kimeahirishwa. Tumpe akaangalia alichokuwa amechapa. Kwenye namba tisa hakukuwa na neno hata moja.

Hakwenda nyumbani. Alipanda gari la Tukuyu, akateremka Kiwira saa kumi na moja jioni, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Alimkuta Anania uani anapanga kuni. Alimsalimu kwa kupiga goti kidogo, kama inavyotakiwa, akamweleza yote akiwa amesimama, hata lile kovu.

Mzee akaendelea kupanga kuni. Alipomaliza alikaa juu ya rundo.

"Tumpe mwanangu," akasema, "Lea ana watoto wawili na Obeid. Unajua?"

"Najua, baba mdogo."

"Shamba la Asukile nililigawa mimi. Nyumba yake wanakaa watu. Kaburi lake lina jina. Akija huyo, utamweka wapi? Atakaa kwenye kiti gani, na sisi tutamwangaliaje?"

"Kwa hiyo abaki kule."

"Mimi sijasema abaki." Akarudisha ukuni mmoja uliokuwa umechomoka. "Nasema tulimzika. Nilimwombea mimi mwenyewe. Nilisema mavumbi kwa mavumbi. Mtu uliyemwambia hivyo unamwambia nini tena?"

Tumpe akachukua panga la mzee lililokuwa limeegemea ukuta akaenda makaburini, maana ilikuwa masika na alikuwa bado hajakata. Chipukizi lilikuwa limefika kifuani mwake. Miaka yote lilikuwa likifika gotini tu. Majani yake hayakuwa na mpasuko hata mmoja, na yalikuwa yanatikisika ingawa ukungu ulikuwa umetulia tuli. Pembeni, kaburi la mama Sekela lilikuwa limelala vizuri na nyasi zake. Tumpe akainua panga. Nyuma ya bega la kushoto ikaja sauti ndogo ya kunong'ona, ya mtoto anayejifunza kusoma, ikisoma msalaba: A-su-ki-le. Akageuka. Alikuwepo Anania tu, mbali, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Panga likashuka likiwa halijakata kitu. Aliogopa, na asikudanganye mtu kwamba ulikuwa ujasiri. Aliogopa kwamba safari hii akikata, damu ingetoka.

Asubuhi alifika ukumbini mapema kuliko wahudumu wa chai. Wajumbe wakaingia, wakasalimiana, wakasifia baridi. Saa nne mwenyekiti akafungua. Maazimio yakaanza kusomwa. Walipofika la saba, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla ya majalada kufungwa. Wajumbe wakatikisa vichwa. Kule mwisho wa meza, kwenye kompyuta, katibu akasimama.

Mwandishi wa kumbukumbu hasemi kikaoni. Hilo Tumpe amewafundisha wengine miaka ishirini. Akashika ukingo wa meza, akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa mwenyekiti, namba tisa ni ndugu yangu. Saini iliyoonyeshwa jana ni yangu. Ndugu yangu hajafa."

Kapteni akafungua faili lake haraka haraka.

"Mama, hapa mmeandika amezikwa mbele ya majirani," akasema. "Mlimzika nani?"

"Tulizika mgomba."

Mjumbe mmoja akacheka, akidhani ni utani wa wenyeji. Mwingine akamwegemea mwenzake amtafsirie, mwenzake akashindwa. Mzee Sifaeli peke yake hakushangaa. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Kwetu Kilolo tulimzika babu yangu kwa koti," akasema taratibu. "Alikwenda vitani, hakurudi. Koti lake liko kaburini." Akamgeukia Tumpe. "Lakini ulipoandika ile barua, binti yangu, ulijua ni mgomba. Kwa nini hukusema mgomba?"

Tangu jana Tumpe alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Machozi yakamtoka mbele ya nchi nne.

"Kwa sababu kwetu ukishauzika hauitwi tena mgomba," akasema. "Na kwa sababu niliogopa."

Mwenyekiti akaahirisha kikao kwa nusu saa. Hakumkemea. Alimwambia kapteni kwamba nchi zinaweza kutia saini mikataba mpaka wino uishe, lakini kama mtu mmoja hawezi kutambuliwa na dada yake, basi wote wamepanda mlima bure. Kapteni akasema kambi ina simu, na kwamba sheria yao inadai ndugu na mzuiliwa wazungumze, na mzuiliwa akubali jina mwenyewe. Wakaenda kwenye chumba kidogo cha pembeni kilichojaa viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kapteni akapiga, akaongea na watu wawili watatu, akaiweka simu mezani ikiwa na sauti ya wote kusikia.

Mtu akaletwa. Pumzi zake zikasikika.

"Asukile," Tumpe akasema.

Zile pumzi zikasogea karibu na simu.

"Asukile, ni mimi."

"Asukile alikufa," sauti ikasema. Ilikuwa sauti yake, imekauka tu, na haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa inatoa taarifa. "Hapa hakuna Asukile. Nilionyeshwa barua. Dada yake amesaini."

"Ni mimi niliyesaini."

"Najua. Saini yako naijua. Nilikuwa naiiga kwenye ripoti zangu za shule, mama asizione. Niliwaambia kweli, ni yake. Kama dada yangu amesema nimekufa, basi ana sababu. Tangu siku hiyo hawajanisikia nikiitika jina."

Tumpe akaishika meza kwa mikono miwili. Kapteni alikuwa anaangalia dirishani.

"Niliona kovu," Tumpe akasema. "Kwenye barua yao waliandika kovu la kiwiko. Nililiona. Nikasaini hivyo hivyo. Sikuombi unisamehe, nakwambia tu ujue."

Kule kambini mlango ulifungwa, mtu akakohoa. Tumpe akadhani ameondoka.

"Mama yuko wapi?" sauti ikauliza.

"Mama alilala. Mwaka ule ule. Yuko pembeni yako." Akajiuma mdomo. "Pembeni ya kaburi."

"Mlizika nini humo?"

"Mgomba."

"Upi?"

"Wa nyuma ya jiko."

Kapteni akaitazama simu kuona kama bado iko hewani. Tumpe alisubiri harufu ije puani, aliizoea, lakini haikuja. Chumba kilinuka vumbi na rangi ya viti.

"Ule nilioupanda mimi," Asukile akasema.

"Ndio ule."

"Uling'olewa na shina?"

"Na shina. Baba mdogo alitaka uwe na miguu. Kila masika unaota, Asukile. Na kila masika mimi nakwenda naukata."

Hapo ndipo alipomsikia analia. Alilia kama mtu aliyesahau namna ya kulia, kwa vipande vipande.

"Miaka yote hii," akasema, "ikifika masika miguu inaniuma, inakataa kutembea. Daktari wa hapa anasema ni baridi. Huku hakuna baridi, dada." Akavuta pumzi. "Mwaka huu haijauma."

"Mwaka huu sijakata," Tumpe akasema.

"Basi uache. Usimruhusu mtu auguse. Nitakuja kuukata mwenyewe."

Simu ikakatika. Hawakujua kama ni mtandao au ni yeye. Kapteni akafuta macho kwa kiganja, akafungua faili namba tisa, akatoa fomu, akauliza kwa sauti ya kazi kama ndugu amethibitisha kwamba huyo ni mtu wake na kwamba yu hai. Tumpe akasema ndiyo. Kisha akaomba kalamu asaini, na kapteni akamshikia karatasi.